Kuunga mabawa na sehemu za kuongozea za glaida ya rimoti ya mita 2: mwongozo kamili kwa wajenzi wa Mombasa

Bawa la mbao ni ndugu wa jahazi. Lina mataruma yanayolipa umbo, lina mhimili unaobeba mzigo kama mkuku unavyobeba chombo, na juu yake lina ngozi nyembamba. Ndiyo maana mwongozo huu unaita mataruma vile vipande vilivyosimama toka ukingo wa mbele hadi wa nyuma. Fundi yeyote wa pwani atajua kinachosemwa. Tofauti iko kwenye unyofu. Jahazi lenye ubao uliojikunja kidogo litafika Lamu. Bawa lililojikunja milimita 3 kwenye ncha moja litaivuta glaida (ndege isiyo na injini) upande huo safari nzima, na likipunguza mwendo, ndiyo ncha itakayoanguka kwanza.

Unyofu huo huamuliwa saa moja tu: unapofunga ngozi ya juu. Kabla ya hapo bawa hulegea mkononi na linarekebishika. Baada ya hapo limefungika kama bomba, na kosa lililomo ndani halitoki tena. Kwa hivyo hatua nyingi hapa ni maandalizi ya saa hiyo. Mombasa inaongeza jambo la pili la kupigana nalo, nalo ni unyevu, ambao hukunja balsa hata ikiwa imelala kabatini.

Vipimo tunavyojengea

Mabawa ni mita 2 kutoka ncha hadi ncha, yaani nusu mbili za mm 1000. Upana ni mm 200 usiobadilika kutoka shina (mwisho wa bawa ulio katikati ya glaida) hadi ncha. Umbo la taruma ni Clark Y, lililochorwa mwaka 1922 na Mmarekani Virginius Clark. Yapo maumbo mapya yanayoteleza vizuri zaidi, lakini hili tumbo lake ni bapa kuanzia asilimia 30 ya upana kurudi nyuma, kwa hiyo linalala mezani lenyewe, na kwa anayejenga bawa la kwanza au la pili hilo lina thamani kuliko mita chache za mtelezo. Unene wake ni asilimia 11.7, hapa mm 23.4 pamoja na ngozi. Eneo lote ni desimita za mraba 40. Glaida nzima ikikaa kwenye gramu 1100, kila desimita inabeba gramu 27 na nusu.

Kila nusu ina mataruma 21, umbali wa mm 50 kutoka taruma hadi taruma. Taruma la 1 liko shinani, la 21 liko nchani. Eleroni, yaani kibao cha nyuma ya bawa kinachopanda na kushuka ili kuinamisha glaida upande, ni mm 450 kwa mm 45, kuanzia taruma la 11 hadi la 20.

Vifaa, na jinsi ya kuvichagua

Balsa nyingi ya dunia hutoka Ekuado, na maduka ya kawaida ya mbao hayana, huagizwa. Ikifika usiiamini kwa macho, ipime kwa mizani ya jikoni. Ubao wa mm 2 wenye upana wa 100 na urefu wa 1000 unaofaa kwa mataruma una gramu 20 hadi 28. Ubao wa mm 1.5 kwa ngozi uwe gramu 15 hadi 20. Mbao zinazolingana uzito zigawanye kulia na kushoto, la sivyo bawa moja litazidi jingine gramu 20 na utashindwa kujua uzito umetoka wapi.

Kwa mabawa mawili utahitaji mbao 5 za mm 2, mbao 5 za mm 1.5, ubao mmoja wa mm 12 kwa ajili ya eleroni, fito 2 za balsa za mm 8×8 kwa ukingo wa mbele, fito za ukingo wa nyuma za mm 30×8 zilizochongwa kabari, fito za mm 6 za kushikia bawaba, na vipande vya plaiwudi ya mm 3 na ya mm 1.5.

Mihimili ni minne, kila mmoja mm 10×3×1000. Hapa usitumie balsa. Saiprasi inayouzwa Kenya nzima inafaa, kwa sharti uikate kutoka ubao mkavu usio na fundo, wenye nyuzi zinazokwenda sawa na urefu. Tazama ubavuni: nyuzi zikipanda na kutoka nje ya ukingo njiani, mhimili huo utapasuka hapo hapo. Kisha kunja kila mmoja kidogo kwa vidole, linganisha ukakamavu, na panga miwili mikakamavu zaidi iwe ya juu, kwa sababu mhimili wa juu husukumwa na mbao huvumilia kuvutwa kuliko kusukumwa.

Fimbo ya kuunga mabawa: kaboni isiyo na tundu, kipenyo mm 8, urefu mm 240. Bomba lake ni la alumini, tundu mm 8, nje mm 9, vipande viwili vya mm 120.

Gundi ni tatu. Gundi nyeupe ya seremala kwa ngozi na mataruma, kwa kuwa inakupa dakika kumi za kurekebisha. Supagluu nyepesi kwa bawaba. Epoksi ya dakika 30 kwa bomba la kuungia na kwa shina. Epoksi ya dakika 5 iache kabatini: joto la Mombasa huifanya ishike kabla hujamaliza kuipaka, na kiungo kilichoguswa wakati epoksi inaganda ni dhaifu ingawa kinaonekana kizima. Hata ile ya dakika 30, changanya kidogo kidogo na uimwage kwenye kifuniko kipana. Ikibaki imejikusanya kikombeni hujipasha moto yenyewe na kuganda haraka. Supagluu nayo hushika kwa msaada wa unyevu, hivyo pwani hushika upesi na chupa iliyofunguliwa huharibika upesi. Itunze ndani ya mtungi uliofungwa pamoja na vifuko vya silika, kwenye friji, na uitoe saa moja kabla ya kuifungua ili isidondoshewe matone ya umande.

Meza iliyonyooka ni kifaa pia. Mlango wa flashi usiotumika, uliolazwa juu ya stuli mbili, unyofu wake ni mzuri. Juu yake weka softibodi ya dari ili pini ziingie. Pima kwa uzi uliovutwa kona kwa kona na kwa pima maji. Nafasi ikizidi nusu milimita popote, sogeza stuli au tia kabari. Juu ya mchoro wa bawa uliolazwa mezani tandika nailoni nyembamba, la sivyo utaunga bawa na karatasi.

Balsa ikae chumbani hapo siku mbili au tatu kabla ya kukatwa, na isijengwe siku ya mvua kubwa ya masika ikiwa unaweza kungoja. Ukijenga nusu ya kushoto siku kavu ya kaskazi na ya kulia katikati ya mvua za Mei, yatakapokauka yatavutana tofauti.

Mataruma

Chonga violezo viwili vya plaiwudi ya mm 3 vilivyo pacha. Toa mm 1.5 juu na chini kwa ajili ya ngozi, mm 8 mbele kwa ukingo, na ukate nyuma kwenye mm 170, mahali ambapo ukingo wa nyuma unaanza. Mataruma ya 11 hadi 20 yakate kwenye mm 148. Hapo inafuata fito ya mm 6, nafasi isiyozidi mm 1, kisha eleroni ya mm 45, jumla 200.

Kata vipande vya balsa vya mm 210×26. Ubao mmoja unatoa 12, kwa hiyo mbao 4 zinatosha na akiba inabaki. Vipange kati ya violezo, vifunge kwa skurubu mbili za mm 3 zenye nati, kisha piga msasa namba 120 uliobandikwa kwenye ubao mpaka balsa ilingane na plaiwudi. Nafasi za mihimili, zilizo na kitovu kwenye mm 60 kutoka mbele, zikate zikiwa bado zimefungwa pamoja, na tundu la mm 12 la nyaya vilevile. Ukizikata moja moja, mhimili utakwenda kama nyoka.

Mataruma ya 1 na ya 3 yawe ya plaiwudi. Taruma la 21 libandike mara mbili, kwani ndilo linalogonga chini kila glaida inapotua.

Kuunga mezani

Ngozi ya chini hutangulia. Kata ubao wa mm 1.5 kwa upana wa 60 hivi, ubane mezani kwa pini, na chini ya ukingo wake wa mbele tia kifito cha mm 2, kwa sababu tumbo la Clark Y huinuka kidogo pale mbele. Nyuma ya mhimili, chini ya kila taruma, bana kipande cha mm 1.5 chenye upana wa 6. Sasa kila taruma litakaa juu ya unene uleule.

Bandika mhimili wa chini juu ya ngozi kwa gundi nyeupe, uubane, uache saa mbili. Kisha simamisha mataruma ya 2 hadi 21 kwa gonya ndogo, moja baada ya jingine. Taruma la 1 ni tofauti: kichwa chake kiegemee upande wa ncha kwa digrii 2, ili mabawa yakiinuliwa nyuso mbili za shina zikutane bila mwanya. Kata kadi ngumu yenye pembe ya digrii 88 na uitumie badala ya gonya. Ukisahau hili, mabawa yatagusana juu na kuacha pengo chini, na kila mshtuko utaponda kingo za juu.

Weka mhimili wa juu, fito ya mbele na ukingo wa nyuma, na kwenye mataruma ya 11 hadi 20 fito ya mm 6. Kabla ya gundi yoyote, jaribu kavu. Kipande kinachohitaji kusukumwa kwa nguvu kitasukuma kingine kesho usiku ukiwa umelala.

Baina ya mhimili wa juu na wa chini, katika kila nafasi kati ya mataruma kuanzia taruma la 4 kwenda nje (zile za shinani ni za bomba la kuungia), tia ukuta wa balsa ya mm 2, na nyuzi zake zisimame wima. Ni kosa la kawaida kuzilaza, kwa sababu kukata ubao kwa urefu ni rahisi. Kazi ya ukuta ni kuzuia mihimili isikaribiane bawa likikunjwa; nyuzi zilizolala hupondeka hapo hapo. Urefu wake ni mm 14.4 takriban, upime kwenye bawa lenyewe, usiupime kwenye mchoro.

Bomba la kuungia

Hapa ndipo glaida nyingi hukatika, kwa hiyo chukua muda. Mabawa yanainuka digrii 2 kila upande, ncha ikiwa juu mm 35 kuliko shina. Fimbo imenyooka, hivyo ndani ya bawa bomba lazima literemke kidogo kadiri linavyokwenda nje: shinani likaribie mhimili wa juu, na mwisho wake, mm 120 baadaye, liwe limeshuka mm 4 na kukaribia mhimili wa chini. Bomba la mm 9 kati ya mihimili iliyoachana mm 14.4 linapata nafasi hiyo na kubakisha zaidi ya nusu milimita kila upande. Toboa matundu ya mataruma ya 1, 2 na 3 kwa kimo hicho kinachoshuka, na uyaache makubwa kidogo.

Ziba mwisho wa ndani wa bomba kwa kizibo cha balsa, kisha piga msasa namba 120 nje yake ili epoksi ishike. Tia bomba mahali pake bila gundi, ingiza fimbo, unganisha mabawa mawili. Moja libanwe mezani, ncha ya jingine iinue kwa kipande cha mm 70 kamili, yaani 35 mara mbili. Tazama kutoka mbele na kutoka juu. Kingo za mbele zifuate mstari mmoja; vuta uzi kutoka ncha hadi ncha uhakikishe.

Ukiridhika, changanya epoksi ya dakika 30 na unga wa msasa wa balsa mpaka iwe nzito kama uji, uijaze kuzunguka bomba. Mbele na nyuma ya mihimili, kati ya taruma na taruma, bandika plaiwudi ya mm 1.5 mpaka taruma la 4, mm 30 kupita mwisho wa bomba. Sababu ni hii: bawa hukatika pale kitu kigumu kinapokoma ghafla. Plaiwudi ikipita mbele ya bomba na kuchongwa mshazari mwishoni, mzigo hupungua taratibu. Funga mihimili na plaiwudi kwa uzi wa pamba uliolowekwa epoksi, mizunguko 10 katika kila nafasi. Usitumie uzi wa nailoni wa nyavu, ingawa ndio ulio karibu: unanyumbuka na epoksi hushika juu juu tu. Paka mafuta kidogo kwenye fimbo na uiache humo usiku mmoja.

Asubuhi yake toboa tundu la pini ya nyuma kwenye mm 150 kutoka mbele, waya wa chuma cha pua wa mm 3 wenye urefu wa 40. Pini hii huzuia bawa lisizunguke kwenye fimbo, na ndiyo inayoweka pembe ya mabawa yote mawili kuwa sawa.

Saa ya kufunga ngozi

Kabla ya kufunga, pitisha nyaya za sevo (mota ndogo zinazosukuma eleroni) ndani ya bomba la karatasi lililosokotwa kwenye penseli, au uache uzi wa kuvutia humo. Hakikisha kila ukuta wa mhimili umeshika. Halafu weka mpindo wa ncha: kuanzia taruma la 11 hadi la 21, inua ukingo wa nyuma polepole kutoka 0 hadi mm 5, kwa kabari ndefu ya balsa. Kwa upana wa mm 200 hiyo ni digrii 1.4 hivi. Kwa mpindo huu shina hupoteza mbebo (nguvu ya hewa inayoinua) kabla ya ncha, na glaida inayokwenda polepole huinamisha pua badala ya kubinuka ubavu. Kabari za kushoto na kulia zikate kutoka ubao mmoja kwa kisu kimoja, hapa usikadirie.

Lowanisha uso wa nje wa ngozi ya juu kwa kitambaa chenye maji, uso wa nje tu, ijikunje yenyewe. Paka gundi nyeupe kwenye mataruma, mhimili na fito ya mbele, laza ngozi kuanzia mhimilini, ibane kwa pini, kisha ikunje kuelekea mbele. Mbele ishike kwa vipande vya selotepu ya karatasi, kila baada ya mm 30. Weka vifuko vya mchanga juu ya mhimili. Usiguse kwa saa 12, na siku za mvua saa 24. Wanaotoa pini baada ya saa tatu kwa sababu gundi imeonekana kavu ndio wanaopata bawa lililosokotwa. Maji yaliyomo kwenye ngozi bado hayajatoka.

Ukilitoa, litazame kutoka nyuma kwa jicho moja. Mpindo ukiwa tofauti kulia na kushoto kwa zaidi ya mm 1, sasa hivi njia iliyobaki ni kurekebisha kwa pasi wakati wa kufunika, nayo hurekebisha kidogo tu.

Malizia vipande vya mm 6 juu ya mataruma nyuma ya mhimili, chonga fito ya mbele kwa randa ndogo kufuata kiolezo, pua yake ikiwa mm 7 juu ya mstari wa tumbo, kisha msasa namba 240.

Jaribio la mzigo

Lifanye kabla ya kufunika, wakati ufa bado unaonekana. Unga mabawa kwa fimbo, yapindue tumbo juu, yategemeze shinani tu. Panga pakiti za sukari za nusu kilo, tano kila upande, juu ya mstari wa mhimili, zikiwa zimesambazwa. Kilo 5 ni zaidi ya mara nne ya uzito wa glaida nzima. Mabawa yatakunjika kwa upinde laini. Ukisikia mlio wa kukatika, simama, tafuta ukuta wa mhimili ulioachia. Pembe inayovunjika ghafla mahali pamoja badala ya upinde maana yake mwisho wa bomba haukusambaziwa mzigo.

Eleroni

Chonga ubao wa mm 12 uwe kabari, unene wa mbele ulingane na fito ya bawa, wa nyuma mm 1.5. Ukingo wa mbele uchongwe mshazari wa digrii 30 hadi 45 upande wa chini, ili eleroni ishuke bila kugonga. Bawaba zikae karibu na uso wa juu.

Baadhi ya wajenzi huunga kwa selotepu safi, na kwenye nchi baridi inadumu. Hapa jua na chumvi huilegeza, ndiyo maana tunashauri bawaba za nyuzi zinazonyonya supagluu, nne kwa kila eleroni, ya kwanza na ya mwisho zikiwa mm 25 kutoka kingo. Funika bawa na eleroni kwanza, bawaba baadaye, kwa sababu supagluu iliyomwagika chini ya filamu huacha doa na uvimbe.

Kata ufa kwa kisu chembamba, toboa katikati yake tundu la mm 1.5 linaloingia ndani, hapo gundi itapita hadi mwisho wa bawaba. Choma pini katikati ya kila bawaba isizame upande mmoja, ingiza, sukuma eleroni hadi nafasi ibaki kama unene wa karatasi ngumu, toa pini, kunja eleroni, na dondosha matone 3 ya supagluu nyepesi juu na 3 chini ya kila bawaba. Fungua dirisha, mvuke wake huwasha macho. Baada ya dakika tano vuta kila bawaba kwa nguvu. Ikitoka mkononi, shukuru kwamba haikutoka angani.

Nafasi kubwa baina ya bawa na eleroni hupunguza nguvu ya eleroni, na pamoja na waya uliolegea husababisha mtetemo: eleroni huanza kupigapiga kwa kasi glaida inaposhuka kwa mbio, na inaweza kung'oka.

Sevo na waya wa kusukuma

Sevo za mabawa ziwe za giya za chuma, gramu 9 hadi 12. Eleroni ikigusa nyasi wakati wa kutua, giya za plastiki hupoteza meno. Weka sevo katikati ya eleroni, kati ya mataruma ya 15 na 16, kwenye kitanda cha plaiwudi ya mm 1.5.

Washa rimoti kwanza, vitelezi vya kurekebisha vyote viwe sifuri, ndipo utie mkono wa sevo, usimame digrii 90 kwa waya. Ukitia mkono kwanza na kurekebisha kwa rimoti baadaye, safari ya eleroni haitalingana juu na chini.

Kipembe cha eleroni (kipande chenye matundu kinachoshika waya wa kusukuma) kikae mahali ambapo tundu lake liko sawasawa juu ya mstari wa bawaba. Likiwa mbele au nyuma ya mstari huo, eleroni itakwenda zaidi upande mmoja bila wewe kuagiza. Tumia tundu la ndani kwenye mkono wa sevo na la nje kwenye kipembe: ulegevu mdogo wa giya unapungua kabla ya kufika kwenye eleroni.

Waya wa kusukuma ni mm 2, usiozidi mm 100. Waya wa chuma wa kawaida hapa hushika kutu msimu mmoja. Spoku ya baiskeli ya chuma cha pua, ya mm 2, ni mbadala mzuri, iulizie kwa fundi baiskeli: kunja upande mmoja umbo la Z, upande wa pili shika kwa kiunganishi cha skurubu. Usiingize nyuzi za skurubu za spoku kwenye klevisi (kishikio cha waya) ya M2, hazilingani.

Mkia

Eleveta (kibao cha mkia kinachopandisha na kushusha pua) na usukani hufuata utaratibu uleule, bawaba tatu kila kimoja, kwa hiyo neno moja tu: wepesi. Mkia ukiwa mm 650 nyuma ya kitovu cha uzito na betri mm 250 mbele yake, kila gramu moja ya mkiani inadai gramu 2.6 za risasi puani. Gundi inayovuja, ifute. Hakikisha pia mkia mlalo uko sambamba na mabawa ukiitazama glaida kutoka nyuma. Tofauti inayoonekana kwa jicho inatosha kuipeleka upande.

Kufunika

Filamu ya pasi (plastiki nyembamba inayoshikishwa kwa joto la pasi) ianze chini, kisha juu, ya juu ikilalia ya chini kwa mm 6 kwenye ukingo wa mbele. Shikisha kingo kwa joto la chini, kaza katikati kwa joto la juu, kwa viwango vilivyoandikwa kwenye karatasi ya filamu yenyewe. Kaza juu na chini kwa zamu. Ukimaliza upande mmoja kwanza, unavuta bawa. Rangi nyeusi nzima haifai kwa jua hili, hulegeza filamu. Weka mistari myeusi chini ya bawa tu, ili uione glaida dhidi ya mawingu meupe.

Vipimo vya mwisho kabla ya kurusha

Pima kila bawa: gramu 180 hadi 220, tofauti isizidi 5. Ikizidi, bandika risasi kwenye ncha nyepesi.

Kitovu cha uzito kiwe mm 62 kutoka ukingo wa mbele kwa safari ya kwanza, na kisivuke 70. Sogeza betri kwanza, risasi baadaye.

Safari za eleroni ni mm 12 juu na 6 chini, zikipimwa kwenye ukingo wa nyuma. Inayoshuka huongeza mkokoto (ukinzani wa hewa) na kuvuta pua upande usioutaka, ndiyo maana inapewa nusu. Hilo linahitaji kila eleroni iwe na chaneli yake ya rimoti. Waya wa Y, unaounga sevo mbili kwenye chaneli moja, hautoshi. Eleveta mm 8 juu na chini, usukani mm 25 kila upande.

Simama nyuma ya glaida. Kijiti kulia: eleroni ya kulia ipande, ya kushoto ishuke. Kijiti cha eleveta kwako: ipande. Rudia kila safari, hata ya hamsini.

Uwanja wa ndege wa Moi International uko upande wa Port Reitz, na anga ya mji huu ina ndege zinazoshuka. Kabla ya kurusha wasiliana na KCAA (mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya) upate maelekezo ya mahali na kimo. Siku kusi inapovuma kwa nguvu, acha safari ya kwanza ingoje asubuhi tulivu.

Ukirudi kutoka ufukweni, futa mabawa kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, kausha, puliza mchanga kwenye bawaba na sevo. Usiyaache ndani ya gari lililofungwa juani. Yahifadhi yamelala bapa, si yameegemezwa ukutani, mbali na dirisha, kwenye mfuko wenye vifuko vya silika, na yatazame kutoka nyuma kila unapoyatoa.